Tundu la Sita

Binti wa marehemu alipiga simu saa tatu asubuhi, akauliza swali moja tu. Hakulia, hakufoka. "Nani alimwambia mama yangu anunue bastola?" aliuliza Jolene Begley kutoka Dayton, Ohio. Delphia Noble, mpelelezi wa kaunti kwa miaka kumi na minane, mtu aliyezoea kuuliza na si kuulizwa, akajibu kwamba jambo hilo linachunguzwa. Kisha akaiweka simu chini na kubaki akiitazama.

Aliyemwambia alikuwa yeye. Mwezi wa nane, nje ya kanisa, Bi Ottie Begley alimshika mkono akamweleza kwamba nyumba yake imeingiliwa kwa mara ya pili. Vidonge vya maumivu vya marehemu mumewe vilikuwa vimebebwa tena, na askari aliyekuja aliandika karatasi akaondoka zake. Mjane wa miaka sabini na moja, peke yake juu ya bonde, jirani wa karibu yuko nusu maili. Delphia alimwambia akanunue rivolva, bastola ile ya silinda inayozunguka. Usichukue mpya ya bei chee, alimwambia, hiyo itakufia mkononi. Nenda kwa Orbin, akutafutie iliyotumika, ya kazi, itakayodumu. Aliyasema kwa wepesi, kama anamshauri mtu aina ya unga wa kununua. Na juzi, Jumanne asubuhi, Bi Ottie alikutwa jikoni kwake na risasi moja kifuani, rivolva hiyo hiyo ikiwa kando ya mkono wake wa kulia.

Burl Caudill, mchunguzi wa vifo wa kaunti, alikuwa ameshafanya uamuzi. Burl alichaguliwa kwa kura kwa sababu ndiye mwenye nyumba ya mazishi na gari la kubebea maiti, na alipenda kazi zake ziishe mapema. Saa tisa alasiri angetia saini kwamba Bi Ottie amejiua. Akishatia saini, faili linafungwa, kesho maiti inazikwa, na Jolene atabaki maisha yake yote na mama aliyejiua. Delphia hakuwa na ushahidi wowote wa kumzuia. Alichokuwa nacho ni muda wa saa tatu na wazo moja dogo: mwenye kununua silaha ya kujiulia hahangaiki kuuliza itadumu miaka mingapi. Alitaka kujua Bi Ottie alinunuaje.

"Hapa tunapoteza muda, bosi," alisema Kendall Roark, waliposhuka kwenye gari mbele ya duka. Kendall alikuwa askari wa doria wa upande ule wa bonde, kijana wa miaka ishirini na tisa, na ndiye aliyefika wa kwanza kwa Bi Ottie jirani alipoita. Delphia alikuwa amemfundisha kazi tangu siku ya kwanza, akampeleka kanisani siku ya harusi yake kwa gari lake mwenyewe. Asubuhi hiyo Kendall alikuwa ameomba kuja. "Mama wa watu alikuwa mpweke. Mumewe alikufa, watoto wako Ohio. Umeona mara ngapi hayo?"

"Mara nyingi," alisema Delphia. "Leta ripoti yako."

Duka la Orbin Sizemore liliuza bunduki upande mmoja na chambo cha samaki upande wa pili, na msimu huu wa kuwinda paa duka lilikuwa tupu kwa sababu wateja wote walikuwa msituni. Jiko la makaa ya mawe lilikuwa limekolea mpaka vioo vinatoka jasho. Mzee Orbin, aliyewahi kuwa mchimba makaa na sasa fundi wa bunduki, alikuwa nyuma ya kaunta katika shati la mikono mifupi, anakula maharage kwa mkate wa mahindi.

"Binti wa Wiley," alisema, akimwita Delphia kwa jina la baba yake. "Umekuja kununua au kunikamata? Kama ni kunikamata, ngoja nimalize bakuli."

"Malizia tu, Mzee. Nataka unieleze kuhusu Bi Ottie."

Orbin akaweka kijiko chini. Uso wake ulikunjamana. "Nilimuuzia mimi," alisema. "Usiku silali. Najiuliza ningemwambia nini."

Delphia akavua koti lake na kulitundika. Kendall alijimiminia kahawa, akasimama karibu na mlango na koti lake la kazi limefungwa mpaka shingoni. Delphia akamsomea Orbin namba iliyochongwa kwenye rivolva ya jikoni. Mzee akafungua daftari lake la mauzo, akapitisha kidole, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo yenyewe. Tarehe nne mwezi wa tisa.

"Aliinunuaje?"

"Kama anavyonunua ng'ombe wa maziwa," alisema Orbin. "Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alinambia ana dola mia mbili tu, na ndani ya hizo awe na kikasha cha risasi. Nikamwonyesha mpya, ya dola mia na kumi. Akavuta kifyatulio mara mbili, akanirudishia. Akasema inakwaruza kama lango la zizi. Nikamwonyesha mpya nyingine, nzuri, mia tatu na themanini. Akacheka, akaenda zake. Mara ya pili nikamtolea hizi zenu."

"Zetu?"

"Za ofisi yenu. Miaka mitano iliyopita sherifu alipowanunulia bastola za magazini, rivolva zenu za zamani zilikuja kwangu. Zimebaki mbili." Akainama, akatoa moja kutoka chini ya kaunta, akafungua silinda kuhakikisha ni tupu, akaiweka juu ya kitambaa. Rangi yake ilikuwa imechubuka kwenye ncha ya mtutu na ubavuni, pale ilipokuwa ikisuguana na mkanda. "Mtu asiyejua anaona hii imechoka. Mimi nikamwambia, Bi Ottie, askari hapigi risasi, askari anabeba. Nje imezeeka, ndani bado msichana. Dola mia na sitini."

"Akaamini?"

"Bi Ottie? Thubutu. Mara ya tatu alikuja na miwani ya kusomea na tochi." Orbin alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamkwama. "Nilimfundisha na yeye akanishinda. Alivuta nyundo nyuma polepole, anasikiliza kama silinda inajifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Akaishika silinda aone kama inacheza. Akamulika ule mwanya kati ya silinda na mtutu. Akakagua kila skrubu, maana nilimwambia skrubu ikiwa imetafunwa kichwa, ujue kuna mtu ameifungua kwa kisu cha jikoni. Alikaa saa nzima. Mwishoni akaniuliza, 'Orbin, hii itamfaa na mjukuu wangu nikifa?' Nikamwambia itamfaa na mjukuu wa mjukuu."

Delphia aliandika sentensi hiyo neno kwa neno. Mwanamke aliyeuliza hivyo mwezi wa tisa hakuwa anajiandalia kifo cha mwezi wa kumi na moja. Lakini alijua Burl angesema nini: watu hubadilika. Hakuwa amepata kitu bado.

"Wewe kijana," Orbin alimwambia Kendall, akimsukumia ile rivolva, "uliwahi kubeba hizi. Kagua uone kama namdanganya bosi wako."

Kendall akaweka kikombe chini, akaichukua kwa mkono wa kulia. Akasukuma kitasa kwa kidole gumba, silinda ikaangukia nje, akachungulia matundu. Kisha akaipiga mkunjo wa kifundo cha mkono, silinda ikajirudisha yenyewe ndani kwa kishindo.

"Weka chini," alisema Orbin. Sauti ilikuwa ya chini na ilikuwa na hasira kweli. "Weka chini kabla sijakuzibua kibao. Nani alikufundisha kufunga rivolva namna ya sinema? Ule mkono wa chuma unaoshika silinda unapinda, ukipinda hakuna tena kulingana, na hivyo ndivyo silaha nzuri zinavyouawa."

"Samahani, Mzee." Kendall alicheka kidogo. "Nimezoea za magazini."

Delphia alimtazama. Yeye ndiye aliyemfundisha, kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya karakana ya kaunti. Alimfungisha silinda kwa mikono miwili mpaka kijana akalalamika kwamba anaiota. Alishangaa, lakini shughuli ilikuwa nyingine, akageuka.

"Halafu?" alimwuliza Orbin.

"Halafu tukaenda nyuma, kwenye lundo la udongo. Nikamfungulia kikasha cha risasi hamsini alichonunua, akapiga kumi na mbili. Kumi na moja kwenye sahani ya shabaha. Mwanamke wa miaka sabini na moja, mikono ina baridi yabisi. Tuliporudi ndani nikamjazia aende nayo. Nikamwekea sita, yeye akaitoa moja."

"Akaitoa?"

"Akaitoa. Akaizungusha silinda, lile tundu tupu likakaa chini ya nyundo. Mtindo wa wazee wetu. Nikamwambia, Bi Ottie, hayo yalikuwa ya bastola za zamani, hizi zina kizuizi ndani, hata ikianguka haifyatuki. Ijaze. Akaniambia baba yake alidondosha yake mwaka thelathini na mbili ikamtoboa mguu, akachechemea miaka arobaini, na yeye hana mazungumzo na vizuizi. Tano. Maisha yake yote ni tano. Mumewe naye alimshindwa hapo hapo."

Kalamu ya Delphia ilikuwa imesimama.

"Kendall. Nisomee silinda."

Kendall alifungua ripoti juu ya kaunta kwa mkono mmoja. "Risasi nzima tano, ganda moja lililofyatuliwa, chini ya nyundo. Imejaa." Akainua uso. "Labda alibadili mawazo. Mtu akitaka kufa hajali tundu."

"Mtu akitaka kufa anaongeza ya sita ya nini? Alikuwa nazo tano. Anahitaji moja." Delphia alishtuka kwa jinsi sauti yake ilivyotoka. "Kikasha kilikuwa wapi?"

"Kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa. Zimebaki thelathini na moja. Nimezihesabu mara mbili."

Alikuwa amezihesabu vizuri, ndivyo alivyofundishwa. Delphia akamwomba Orbin kikasha kipya cha aina ile ile, akakimimina juu ya kitambaa. Hakutaka kuifanya hesabu hiyo kichwani, alitaka kuiona kwa macho. Akatenga kumi na mbili za kwenye lundo la udongo. Zikabaki thelathini na nane. Akatenga tano, akazipanga pembeni ya ile rivolva tupu.

"Hizi ndizo alizotoka nazo mlangoni. Kikasha kibaki na ngapi, Mzee?"

"Thelathini na tatu."

"Na kimekutwa na thelathini na moja."

Akachukua mbili zaidi, akazishika kiganjani. Moja akaitumbukiza katika tundu tupu la silinda. "Hii ndiyo ya sita. Mtu aliona tundu liko wazi, akalijaza, kwa sababu kwake yeye silinda ni lazima ijae. Hii nyingine je?" Akaigeuza ile risasi ya pili. "Silinda ina matundu sita tu. Hii imeingia mahali palipokuwa na kitu."

Orbin ndiye aliyelisema. "Palikuwa na ganda," alisema polepole. "Ee Mungu wangu. Imefyatuliwa mara mbili. Mtu ameondoa ganda moja, akaweka risasi nzima, ili ionekane ni mara moja tu."

Makaa yalipasuka ndani ya jiko. Delphia akashika ukingo wa kaunta. Bi Ottie hakujiua. Tangu asubuhi alikuwa akiomba iwe hivyo, na sasa ilipokuwa hivyo ilimtisha kuliko kule kujiua. Mtu alisimama katika jiko lile, mwanamke akiwa chini, akafungua droo moja baada ya nyingine akitafuta kikasha, akaketi kutengeneza silinda nadhifu. Kama angeiacha ilivyo, na shimo lake tupu na maganda yake mawili, pengine wangefikiri alijaribu kwanza hewani. Unadhifu ndio uliomsaliti.

Aliomba simu ya kaunta. Burl alipokea akiwa anatafuna.

"Usitie saini," alisema Delphia. "Ana majeraha mangapi?"

"Moja, nimeshakwambia. Na risasi yenyewe ninayo hapa kwenye kikombe. Delphia, watu wa kuchimba kaburi wameshafika—"

"Wape kahawa. Hiyo risasi isiguswe na mtu." Akakata.

Risasi mbili zimetoka, moja iko kwenye kikombe cha Burl. Aligeuka. "Kendall, fikiri vizuri. Jikoni kulikuwa na tundu lolote? Ukuta, dari, dirisha, kabati, sakafu?"

"Hakuna."

"Mlango?"

"Hakuna, bosi. Nilikagua mwenyewe kila inchi. Nenda ukaangalie."

Aliyasema akimtazama machoni, na Delphia akamwamini. Ilikuwa kweli, alijua ni kweli. Risasi haiyeyuki. Kama haiko kwa marehemu na haiko ukutani, basi imetoka kwa miguu. Kuna mtu ameondoka nayo mwilini.

Bi Ottie alipiga sahani mara kumi na moja kati ya kumi na mbili.

Delphia aliangalia jiko la makaa. Aliangalia mikono ya Orbin iliyo wazi na koti lake yeye ukutani. Kisha akaangalia jasho lililokuwa likitiririka kutoka kwenye nywele za Kendall hadi kwenye kola ya koti lililofungwa mpaka juu. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Ulikuwa mfukoni garini. Ulikuwa mfukoni ofisini asubuhi alipoomba kuja. Kikombe, rivolva, ripoti, vyote alivishika kwa mkono mmoja. Rivolva hufungwa kwa mkono wa kushoto.

Hapana, alijiambia. Alijiambia mara ya pili na haikusaidia. Ni nani aliyekwenda kwa Bi Ottie mwezi wa sita nyumba ilipoingiliwa, na tena mwezi wa saba, akaandika karatasi akaondoka? Ni nani aliyeumia mgongo mwaka juzi kwenye ajali ya gari la doria, akapewa vidonge, akasema ameshaviacha? Aliitoa ile risasi moja kwenye silinda, akahakikisha matundu yote sita ni matupu, akaiacha silinda wazi, na kuiweka rivolva kwenye kiganja cha kulia cha Kendall.

"Ifunge nilivyokufundisha," alisema. "Mikono miwili."

Kendall aliitazama rivolva. Orbin alikuwa amenyanyua kijiko bila sababu na hakujua akiweke wapi.

"Bosi."

"Mikono miwili, mwanangu."

Mkono wa kushoto ulitoka mfukoni nusu, bega likajaribu kuinuka, na uso wa kijana ukageuka rangi ya majivu. Mkono ukarudi. Alibaki ameshika ile silaha iliyofunguka.

"Jumatatu jioni huwa yuko kanisani," alisema hatimaye. "Kila Jumatatu. Taa zilikuwa zimezimwa. Hakuniita hata jina, bosi, hakunijua. Alipiga tu, kutoka gizani, pale mezani. Nilimnyang'anya. Sikujua nafanya nini mpaka ilipolia tena. Nilikagua nyumba ile mwezi wa saba, chumba kwa chumba. Hakuwa na bunduki. Naapa hakuwa nayo. Nani alimwambia anunue?"

Delphia alinyoosha mkono, akafungua kishikizo cha mkanda wa Kendall, akaitoa bastola yake ya kazi na kumpa Orbin aishike. Kisha akaichukua ile rivolva mkononi mwa kijana na kuifunga mwenyewe, kidole gumba huku na kiganja kule, taratibu, mpaka ikasema tik. Akamkalisha kwenye kiti karibu na jiko, akamfungulia koti. Shati lote la upande wa kushoto lilikuwa limekauka damu chini ya bandeji iliyofungwa ovyo. Orbin, bila kuambiwa, akaenda kutafuta taulo safi. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

Delphia alimpigia daktari kwanza, kisha sherifu. Sherifu alimwambia arudie mara tatu. Halafu Delphia akatoa kwenye daftari lake namba ya Dayton, akabonyeza tarakimu moja moja.

Simu ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Jolene, ni Delphia Noble. Asubuhi uliniuliza swali, na sikukujibu." Nyuma yake Kendall alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. "Mama yako hakujiua. Nitakueleza yote. Lakini hilo ulilouliza, aliyemwambia anunue bastola ni mimi."

Delphia alishikilia simu kwa mikono miwili, akangoja.